Mechi ya Bila kwa Bila

Ukitaka kuwajua ndugu waliogombana kweli, usiwatafute wanaotukanana barabarani. Wanaotukanana bado wana maneno. Watafute wale wanaokaa kochi moja kila Jumapili saa kumi jioni, wananywa chai ya birika moja, na kwa miaka kumi na moja hawajaulizana hata habari za asubuhi.

Ndivyo walivyokuwa Funguo na kaka yake. Funguo silo jina alilopewa na mama yake, ila mtaani hakuna aliyelijua lingine. Alikuwa na kibanda cha bati pembeni mwa soko, mashine ya kuchongea funguo mbele, na nyuma yake ubao wa misumari uliojaa funguo tupu zinazosubiri meno. Kaka yake alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Aliishi na mkewe katika nyumba aliyoiacha mama yao. Ufunguo wa mlango wa mbele Funguo alikuwa nao bado, ule ule aliopewa akiwa darasa la tano, na hakuwahi kubisha hodi pale hata siku moja. Nani abishe hodi kwao?

Ugomvi wenyewe ulikuwa mfupi, na hilo ndilo lililoufanya mgumu. Mama aliugua miezi mitano. Muuguzi aliyekuwa akigeuza wagonjwa wa watu mchana, jioni akaja kumgeuza mama yake. Funguo wakati huo alikuwa mji wa mbali, amepata kazi ya kufunga vitasa kwenye hoteli mpya ya ghorofa tisa. Kaka akamwita mara ya kwanza, akaja, akamkuta mama amekaa anakunywa uji. Akamwita mara ya pili, mama akamkaribisha kwa kicheko na kumuuliza kwa nini amekonda. Basi alipoitwa mara ya tatu, Funguo alisema moyoni mwake, kaka naye, akisikia kikohozi anaona jeneza. Akaamua amalize kwanza ghorofa ya tisa. Alifika siku tatu baada ya mazishi, na begi lake la zana begani.

Watu walitegemea patachimbika. Hapakuchimbika kitu. Kaka mtu alimtazama alivyoingia, hakumjibu salamu, akarudi kukaa kwenye kochi mbele ya televisheni. Pale mezani palikuwa na mashine ya gemu ambayo Funguo mwenyewe aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, zamani walipokuwa vijana wa kupigiana kelele, pamoja na gemu moja ya mpira wa miguu. Kaka akaiwasha. Kisha akaichukua pedi ya pili ya kuchezea na kuisukuma juu ya kochi mpaka ikamgusa mdogo wake pajani. Wakacheza mechi tatu. Ilikuwa Jumapili. Jumapili iliyofuata Funguo akarudi, akakuta pedi yake imeshawekwa.

Ikawa ndiyo desturi. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa wawili hawakukupa nafasi ya jembe wala ya kapu. Maneno waliyobakiza kati yao yalikuwa matano: faulo, kona, goli, mpira wako, na tena. Mambo mengine yote, kuanzia kodi ya kiwanja mpaka harusi ya binti wa shangazi, yalipitia kwa shemeji, mke wa kaka, fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba cha nyuma. Alikuwa akija na birika, anamwambia mmoja ya mwingine hali wote wawili wamekaa pale pale wanasikia. "Sijui mnaniona mimi posta," alizoea kusema, na hakuna aliyecheka ila yeye.

Lakini usidhani walikuwa hawasemezani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Funguo aliijua wiki ya kaka yake kwa namna alivyocheza. Wodi ikiwa imepoteza mgonjwa, mabeki wa kaka walikaba ovyo, wanakata watu miguu. Akiwa amelala vizuri, alipiga pasi fupi fupi, za mtu mwenye subira. Na kila mwaka, Jumapili iliyo karibu zaidi na siku aliyofariki mama, walicheza mechi moja tu, na mechi hiyo hakuna aliyepiga mpira golini. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Mwaka wa kwanza kaka alianza kuzungusha mpira baina ya mabeki wake, huku na huku, na Funguo akaelewa, hakumfuata. Baada ya hapo kaka aliutoa mpira, Funguo naye akauzungusha kwake. Dakika tisini za kwenye gemu, ambazo kwa saa ya ukutani ni dakika ishirini. Mashabiki wa ndani ya televisheni walinung'unika, mtangazaji akasema yake kwa lugha ambayo hawakuijua, filimbi ikalia, bila kwa bila. Walikunywa chai, Funguo akaenda zake. Yale ndiyo yalikuwa mazishi ambayo Funguo aliyawahi, na aliyapata mara moja kwa mwaka.

Katika miaka hiyo mashine ya kwanza ilikufa. Wakanunua ya pili, nene, nyeusi, nzito kama tofali la saruji, na wala haikuleta shida. Mbele ilikuwa na kifuniko kidogo. Ukikiinua, unakuta matundu ya kuchomekea pedi za zamani na kijitundu cha kadi ndogo ya plastiki iliyotunza matokeo yao yote. Gemu ni ile ile, pedi ni zile zile, ligi yao iliendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomponza mtu.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya mechi ya mama, likatokea jambo. Mshambuliaji wa Funguo aliumia, akalala chini anajishika goti. Kwenye gemu ile mchezo hausimami. Mwenye mpira anaendelea, na kaka siku zote aliendelea, akafunga, bila kupepesa. Siku hiyo hakuendelea. Alikuwa amebaki yeye na kipa. Akasimama, akageuza uso wa mchezaji wake pembeni, akaupiga mpira nje ya uwanja.

"Mpira wako," akasema.

Funguo alibaki ameishika pedi haamini. Miaka kumi na moja. Wachezaji wake waliumia mara mia, hakuna aliyewahi kusimamishiwa mchezo. Akaurusha mpira na kuurudisha kwa kipa wa kaka, kama uungwana wa mpira unavyotaka. Alipotoka pale alitembea kwa miguu hadi nyumbani, na barabara nzima alikuwa na furaha iliyomtisha. Kaka yuko njiani kunisamehe, aliwaza. Amebakiza hatua chache.

Furaha ikimzidi mtu hutafuta mahali pa kuimwaga. Mashine nene ilikuwa imeanza kuzeeka. Ilikohoa ikisoma diski, na kwa miezi miwili haikukubali kusoma mpaka uigeuze miguu juu. Shemeji aliiita "mgonjwa wenu". Kila Jumapili Funguo aliingia na wasiwasi kwamba leo ndiyo leo, haitawaka, na mechi ya mama itakufa nayo. Basi siku moja akipita mbele ya duka la vifaa vya umeme akaiona dirishani. Jina lile lile, rangi ile ile, alama ile ile ya duara juu ya mgongo, ila imekuwa nyembamba, unaweza kuibeba kwapani. Na bei imeshuka vibaya sana. Juu yake tangazo: lete ya zamani, upunguziwe zaidi.

Muuzaji, kijana mwenye tai na heshima zote, alimwambia ni ile ile, mzee wangu, wameipunguza mwili tu. Haipigi kelele, haili umeme. Funguo akaipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuuliza swali jingine. Ile ya kwanza ilipokufa, hii ya pili iliikubali gemu. Ya tatu ikatae kwa nini?

Jumamosi, kaka akiwa zamu ya asubuhi, Funguo aliingia kwa ufunguo wake. Shemeji alitoka chumba cha nyuma na sindano mdomoni, akamkuta amepiga magoti anachomoa nyaya.

"Shem, umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize kwa mdomo gani?"

Shemeji alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake, akasema kitu cha mtu kina mazoea yake, afadhali angoje, yeye mkewe amdokeze jioni. Funguo akamsihi asiseme, aache iwe zawadi. Alitaka kaka akae kesho, aiwashe, isikohoe. Alitaka mechi ya mama, iliyokuwa kesho hiyo hiyo, ichezwe kwa utulivu. Shemeji aliona uso wa shemejiye ulivyokunjuka, na kwa kuwa hakuwa ameuona hivyo tangu msiba, akanyamaza. Nene ikaenda dukani, nyembamba ikachukua nafasi yake; nyumbani vilibaki pedi za zamani, diski na kadi tu, kwa sababu duka lilisema halivihitaji. Hapo napo mtu mwenye akili zake angejiuliza.

Jumapili saa kumi kaka alitoka kuoga, shati safi, akaja kukaa. Akaona. Funguo alikuwa anamtazama usoni kwa pembe ya jicho, anasubiri. Kaka aliinyanyua mashine kwa mikono miwili, akaipima uzito, na midomo yake ikafanya kitu ambacho kingeweza kuwa mwanzo wa tabasamu. Kisha akaichukua ile kadi ndogo na kutafuta kile kifuniko apate pa kuichomeka. Akapitisha dole gumba mbele, palikuwa laini. Akageuza ubavu, akageuza nyuma, akarudi mbele tena, taratibu, kama anavyotafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa.

Funguo akasema moyoni, labda inaingia kwingine, tuiwashe kwanza. Akatia diski. Mashine haikukohoa. Ilikuwa kimya kweli kweli, kama muuzaji alivyoahidi. Kwenye kioo yakatokea maneno: diski hii haiwezi kusomwa na mashine hii. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Yale yale. Akaigeuza mashine miguu juu kwa mazoea ya mgonjwa wa zamani, na hapo shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akaangalia pembeni. Maneno hayakubadilika. Pedi mpya ilikuwa moja tu ndani ya boksi, nayo haikuwa na waya.

Kaka alikaa na kadi mkononi. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia upande ule kwa muda mrefu.

"Ungeniambia tu umechoka."

"Kaka, sikuchoka."

"Siku ya leo. Ukachagua siku ya leo."

Funguo alikuwa ameweka maneno miaka kumi na moja. Usiku na mchana aliyapanga: nilidhani atapona, nilidhani unatia chumvi, ghorofa ya tisa naijutia mpaka kesho. Yote yalikimbilia mdomoni kwa pamoja, yakakwama, na likatoka la kipumbavu kuliko yote. Alisema muuzaji alimwambia ni ile ile.

Kaka akatikisa kichwa polepole. "Nilikuita mara tatu," akasema. "Hukuniambia umechoka kuitwa. Ulinyamaza tu. Na jana umeingia nyumbani kwangu sipo, umebeba, umeondoka, umenyamaza. Nilikuwa najilazimisha, unajua? Kila Jumapili najilazimisha."

Akaiweka kadi kwenye mfuko wa shati, akasimama, akaenda chumbani na kufunga mlango bila kuubamiza. Shemeji alimimina chai vikombe viwili, halafu akakumbuka, akairudisha ya kikombe kimoja kwenye birika.

Jumatatu kibanda hakikufunguliwa. Funguo alikuwa dukani kabla ya wenyewe. Muuzaji alimsikiliza vizuri, akamweleza kwa upole kwamba kile kipande cha ndani kilichokuwa kikisoma gemu za zamani wamekitoa, pamoja na matundu yake, ndiyo maana imekuwa nyembamba na bei imeshuka. Watu wengi hata hawajui kilikuwepo, alisema, na wanaotafuta ya bei nafuu wameifurahia.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mzee wangu."

Hapo Funguo alitamani ardhi ipasuke. Kwa maana kila siku ya Mungu, mtu humjia kibandani na ufunguo wa kitasa cha zamani, anamwambia kitasa nimebadilisha lakini ni kampuni ile ile, sura ile ile, utaingia tu. Na Funguo humcheka. Sura isikudanganye, humwambia, mambo yako ndani. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amezidi, alijilisha sumu kwa mkono wake na kijiko chake.

Akaelekezwa zinakopelekwa mashine zinazorudishwa, ua mmoja nyuma ya karakana za magari. Alikuta magamba meusi ya mashine yamerundikwa yakiwa matupu, na mwanamke mwenye glavu anatenga shaba na plastiki. Bodi za ndani zilishang'olewa tangu jana yake, akamwambia, hazilali hapa. Funguo alichakura rundo mpaka akaliona gamba lao. Alilijua kwa duara la kikombe cha chai cha shemeji, lililokuwa limeunguza plastiki juu kushoto. Aliinua kifuniko kidogo cha mbele kwa kucha, akakirudisha, akaliweka gamba chini.

Akaanza kutafuta nyingine ya aina ile. Wiki nzima aliuliza mafundi wa redio, wauza mitumba, wenye vibanda vya gemu. Waliokuwa nazo walishazipeleka dukani kupunguziwa bei. Jumapili ikapita, hakwenda. Angeenda kufanya nini? Siku ya tisa akaipata kwa kinyozi mmoja, aliyeiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu. Kinyozi hakutaka kuiachia. Wakaelewana kwamba Funguo atamfungia vitasa vipya milango yote mitatu na kabati, na amwachie ile nyembamba, iliyokuwa bado kwa kaka, siku atakayoipata mkononi. Alifanya kazi hiyo kutwa nzima bila kula, na jioni akaibeba nene kifuani.

Kesho yake, kabla hata hajafikiria ataipelekaje, shemeji alikuja kibandani. Alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko ile nyembamba, nyaya zimekunjwa vizuri. Akauweka mezani. Alitazama ubao wa funguo, akatazama viatu vyake, kisha akafumbua kiganja. Palikuwa na ufunguo mpya, unang'aa.

Alimwambia kwamba kaka yake amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Amenunua kile kile cha aina ya zamani ili asichimbe mbao, ila mambo yake ya ndani ni mapya. Kimekuja na ufunguo mmoja, wa pili umepotea kwenye pakiti, na amemtuma akachongeshe mmoja wa kwake, popote. "Nimeona aibu kwenda kwa fundi mwingine," akasema. "Wangeniuliza wewe uko wapi."

Funguo aliushika ule ufunguo. Meno matano, mtaro mmoja upande wa kushoto. Aliona mara moja kwamba wake, ule wa darasa la tano, ungeingia nusu na kukwama. Akamuuliza shemeji kama kaka anajua amekuja kwake. Shemeji alisema anaenda kununua vifungo vya sare pale mbele, hatakawia, labda robo saa. Na akaondoka bila kungoja ufunguo uanze kuchongwa, yeye ambaye siku zote alipenda kusimama na kuangalia cheche.

Funguo alichonga mmoja. Akaupiga msasa, akaupuliza vumbi. Kisha, kabla roho haijamsuta vya kutosha, akabana ufunguo tupu wa pili na kuchonga tena. Ule wa pili akautia mfukoni.

Shemeji aliporudi alimkabidhi wa kwake na ule aliokuja nao, pamoja na mashine nene ndani ya boksi la maboga. Akamwambia amwambie kaka kwamba hii inakubali, ina kifuniko, kadi itaingia. "Na umwambie nimekosa," akaongeza. Shemeji alilibeba boksi kichwani, akasema atajaribu, lakini asiweke matumaini, maana tangu siku ile mume wake hata wodini anasemwa kwa ukimya.

Jumapili saa kumi kasoro Funguo alikuwa mbele ya mlango wa kwao, begi la zana begani. Kitasa kiling'aa kwenye mbao zilizochakaa. Alinyanyua mkono abishe hodi na mkono ukasita, haujui pa kupiga. Kabla haujagusa mbao, akasikia ndani wimbo wa gemu yao, ule wa mwanzo, wenye ngoma mbili na filimbi. Mashine imekubali. Kaka ameiwasha. Moyo ulimruka Funguo kiasi kwamba alitabasamu peke yake pale kibarazani. Akabisha hodi.

Wimbo ukaisha. Filimbi ya kuanza ikalia.

Akabisha tena, kwa nguvu zaidi, akaita. Sauti ya mashabiki tu, hata cherehani ya shemeji haikusikika. Akasikiliza, kwa maana Funguo alikuwa amesikiliza gemu ile miaka mingi, angeweza kukuambia mpira uko wapi akiwa amefumba macho. Dakika ya tano hapakuwa na shuti. Dakika ya kumi hapakuwa na shuti, wala faulo, wala kona. Mashabiki walianza kunung'unika. Mtangazaji alisema maneno yake mawili matatu, akanyamaza, hana la kutangaza. Ilikuwa pasi kwa mabeki, huku na huku. Funguo akaelewa ni mechi gani inayochezwa mle ndani, imechelewa wiki mbili, na akaelewa kwamba pedi ya pili iko juu ya kochi haina mtu.

Zana zilikuwa begani. Kitasa kile kisingemchukua hata dakika mbili. Wala hakuhitaji zana, maana ufunguo ulikuwa mfukoni na alikuwa ameushika tangu alipotoka nyumbani, umepata joto la kiganja. Alisogea, akaupeleka mpaka kwenye tundu. Kisha akawaza: nitaingia tena bila kuuliza? Akaurudisha mkono. Akaweka begi chini, akasimama wima, mikono mbele, kama watu wanavyosimama makaburini, na akausikiliza mchezo mpaka mwisho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, hapakuwa na mtu wa kumwona. Mara ya pili katika maisha yake alikuwa nje mama yake akizikwa, na safari hii alikuwa amewahi.

Filimbi ya mwisho ikalia. Bila kwa bila.

Funguo akachuchumaa, akautoa ufunguo mfukoni na kuupitisha chini ya mlango. Akausukuma kwa kidole mpaka ukateleza kwenye sakafu ya saruji na kutoa mlio mdogo.

"Mpira wako, kaka," akasema.

Halafu kochi likalia, na ndara zikaja taratibu mpaka nyuma ya mlango. Kwenye mwanya wa chini akaona kivuli cha miguu miwili, na vidole, visafi, vikiokota ufunguo. Akasimama haraka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akajinyoosha. Alisubiri kuusikia ukiingia kwenye tundu kwa upande wa pili. Aliusikiliza kwa masikio ya fundi, ambaye hata kitasa cha mlango wa jirani kikizungushwa hukijua.

Ndara zikageuka, zikarudi zilikotoka, na Funguo akazihesabu hatua mpaka zilipoishia kwenye kochi.